Vyombo saba vya kuunda ukishamaliza cha kwanza

Umeshaunda chombo kimoja cha majini cha mfano. Kiko juu ya kabati, wageni wanakisifu, na mikono inakuwasha. Chombo cha pili au cha tatu kiwe kipi? Kanuni yangu ni moja na naisimamia kwa nguvu zote: chagua chombo chenye ugumu mmoja mpya. Ugumu ukiwa wa aina mbili, jiulize mara mbili. Ukifika wa tatu, rudisha boksi kabatini na ulifunge vizuri. Haya, tuhesabu kushuka.

7. HMS Victory: mrembo wa kila dirisha la duka

Manowari hii ya Waingereza ilishushwa majini mwaka 1765, ikampeleka amiri Nelson kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805, na leo imehifadhiwa Portsmouth. Ina milingoti mitatu na mizinga zaidi ya 100. Sasa tulia uhesabu. Kila mzinga unakaa juu ya kigari cha magurudumu manne, kwa hiyo ukiunda yote una magurudumu zaidi ya 400 ya kuchonga, na la mwisho lazima lifanane na la kwanza. Hapo bado hujagusa kamba.

Ugumu mpya: vidole havitoshi kuhesabia.
Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nasema milingoti mingi, chombo hubaki mezani.

6. Mtepe: moyo wangu uko hapa, lakini ngoja

Chombo cha Wabajuni, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, tanga la mraba limesukwa kwa majani kama mkeka. Omo yake watu waliifananisha na kichwa cha ngamia wa Mtume. Mitepe ilitoweka baharini katika karne ya 20, kwa hiyo kila anayeunda wa mfano anaokoa kitu. Ndiyo maana nakuomba usiuharakie. Unahitaji kuwa fundi wa mbao, mshonaji na msusi wa ukili kwa pamoja, na vitundu vya uzi ni mamia.

Ugumu mpya: mitatu kamili.
Ukiona muunda vyombo anaomba sindano badala ya nyundo, mletee na chai. Atakesha.

5. MV Liemba: meli iliyokuja kwenye masanduku

Wewe unaona fahari kufungua boksi la vipande? Liemba yenyewe ilikuja hivyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma na kuunganishwa upya. Ikaelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe vitani, baada ya kuzipaka mashine zake grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:100 unapata sentimita 71. Ubavu wake ni wa bati lililonyooka, na kadibodi ngumu inakutosha. Kazi iko juu ya sitaha: vyuma vya kujishikia, ngazi, boti za kuokolea, madirisha madogo ya duara.

Ugumu mpya: mmoja na nusu, pamoja na macho makali.
Wakikuuliza kwa nini mwezi wa sita sasa hujamaliza, waambie hata yenyewe ilichukua miaka miwili.

4. Jahazi la Lamu: bwana harusi

Omo imesimama wima, macho yamechorwa ubavuni mwake, tanga la pembe tatu limejaa upepo. Ukienda Matondoni, kisiwani Lamu, utaona mafundi wakiunda bila mchoro wowote. Mchoro uko kichwani. Shida ya jahazi ni kwamba linakudai mambo mawili kwa mpigo: mwili mpana wa mbao nyingi, na tanga kubwa lenye foromali, yaani mti unaolibeba, pamoja na kamba za henza na demani, kila kamba na kazi yake.

Ugumu mpya: miwili, yote mitamu.
Mlingoti uinamishe mbele. Ukiusimamisha kama nguzo ya umeme, mzee yeyote wa Lamu atakuuliza jahazi lako limepatwa na nini.

3. Flipflopi: chombo cha kandambili

Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda dau la plastiki chakavu huko Lamu, wakalivika kandambili kuukuu zipatazo 30,000, wakalishusha majini mwaka 2018. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kwako malighafi ni bure. Ila mpira hausuguliwi kwa msasa kama mbao: tumia wembe mpya, kata mara moja tu, gundisha kwa gundi ya viatu.

Ugumu mpya: mmoja, nao ni mpira.
Hii ndiyo sababu pekee halali ya kumwomba shemeji kandambili zake.

2. Ngalawa: ndogo, lakini inaelea kweli

Gogo moja la mwembe, matengo mawili ya pembeni, tanga moja. Utasema ni ya watoto. Hebu ichimbe! Ukipunguza ubavu, gonga kwa ukucha kila baada ya muda: mlio ukianza kubadilika, weka patasi chini. Kisha iweke kwenye beseni. Matengo yote mawili yakizama, ngalawa itajiburura. Inua vijiti vinavyoyashika mpaka yaguse maji kidogo tu.

Ugumu mpya: mmoja, mizani.
Vyombo vingine vinasubiri kusifiwa. Hiki kinasubiri upepo.

1. Mashua: hii hapa!

Mkuku, mataruma, mbao, tezi bapa, mlingoti mmoja. Mashua ya mita 8 kwa kipimo cha 1:20 inakuwa sentimita 40: inakaa kwenye meza ya chakula na watu bado wanakula. Ugumu wake mpya ni kupiga mbao tu, na huo ndio unaoutaka.

Loweka ubao kwenye maji ya moto mpaka ulainike. Upinde taratibu kufuata mataruma, ubane kwa vibanio vya nguo, uache ukauke usiku kucha. Gundi ni ya asubuhi. Ukipiga ubao mmoja kulia, unaofuata uwe kushoto, kwa zamu hadi mwisho. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku utapinda kama ndizi. Mashua yangu niliiunda hivyo, na hadi leo nikipitisha kidole pale omo, mbao mbili zilipokutana bila uwazi, natabasamu.

Ugumu mpya: mmoja, unaofungua milango yote.
Waswahili wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayejua kuupa ubao umbo la ngama, tumbo la chombo, atarudi kwa jahazi bila hofu, atauendea mtepe na sindano yake, na siku moja hata Victory itamfungulia boksi. Maji ya moto yako jikoni. Loweka ubao wa kwanza leo jioni.