Barua ya Wazi kwa Tume ya Uchaguzi ya NRM: Ombi la Ratiba ya Kumpinga Mwenyekiti

Kwa Tume ya Uchaguzi ya NRM,
Barabara ya Kyadondo, Nakasero, Kampala.

Mchujo wa urais ndani ya NRM ni shughuli fupi. Fomu huchukuliwa na mtu mmoja, hurudishwa na mtu huyohuyo, kisha Tume humtangaza kuwa amepita bila kupingwa. Mara ya mwisho ilikuwa 2025. Tarehe 28 Juni Mwenyekiti, Rais Yoweri Museveni, alifika Barabara ya Kyadondo akachukua fomu ya uenyekiti wa chama na ya kuwania urais wa nchi, na nyuma yake hapakuwa na foleni. Kwa kubana matumizi ya wino na karatasi, utaratibu huu unastahili pongezi, na pongezi hizo zinatolewa hapa mapema ili zisije zikasahaulika mbele ya safari.

Ushindani wenyewe si mgeni chamani. Tarehe 17 Julai mwaka huohuo wanachama walijipanga mistari uwanjani nyuma ya wagombea ubunge, au nyuma ya mawakala waliobeba picha zao, wakahesabiwa vichwa mchana kweupe mbele ya majirani. Wanaoshindwa katika michujo ya namna hii mara nyingi hawarudi nyumbani kulala. Husimama kama wagombea huru, na Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge huru zaidi ya 70, wengi wao wakiwa wana wa chama hichohicho. Mwezi Agosti 2025 huko Kololo, hata nafasi ya makamu mwenyekiti wa pili ilipigiwa kura, Anita Among akapata 11,680 na Rebecca Kadaga 902. Ushindani, basi, unaruhusiwa kupanda ngazi zote, ila umejengewa dari.

Anayeigonga dari hiyo hupewa moja ya majibu mawili: amekosea mahali, au amekosea saa.

Kosa la mahali ndilo la zamani zaidi. Novemba 1999 Kanali Kizza Besigye, daktari aliyekuwa na Museveni msituni, aliandika waraka wa kusema kwamba Movement, kama NRM ilivyoitwa wakati huo, imepoteza upana wake wa awali, inakumbatia ufisadi na inawafungia milango wenye mawazo tofauti. Hoja zilikuwa nyingi, lakini kilichojibiwa zaidi ni anwani: ofisa wa jeshi ametoa maoni kwenye jukwaa lisilo sahihi, na kwa hilo angeweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Oktoba 2000 alipotangaza kuwania urais, aliambiwa ameruka vikao. Jukwaa sahihi halikupata kuoneshwa kwenye ramani. Mwaka 2001 alipata zaidi ya asilimia 27 ya kura za Uganda nzima, dhidi ya 69 za Museveni, na huo ukawa mwisho wa mjadala wa ndani ambao haukuwa umeanza.

Kosa la saa ni la Amama Mbabazi, na linahitaji hesabu. Februari 2014, katika mafungo ya wabunge huko Kyankwanzi, mbunge Evelyn Anite alipiga magoti akawasilisha azimio la kumfanya Museveni mgombea pekee wa 2016. Mbabazi, wakati huo waziri mkuu na katibu mkuu wa chama, naye alitia sahihi. Septemba aliondolewa kwenye uwaziri mkuu. Desemba mkutano mkuu wa Namboole ulibadili katiba ya chama ili katibu mkuu awe mteule wa mwenyekiti badala ya kuchaguliwa na wajumbe, na kiti hicho nacho kikapata mtu mwingine. Tarehe 15 Juni 2015 Mbabazi alitangaza kwa video kwamba anawania. Mwenyekiti alijibu siku hiyohiyo: ni mapema mno.

Uchaguzi ulikuwa Februari 2016. Azimio la Kyankwanzi lilitangulia kwa miezi 24 na halikuwa mapema. Tangazo la Mbabazi lilitangulia kwa miezi minane na likawa mapema. Tarehe 9 Julai polisi walimkamata Njeru akielekea Mbale kukutana na wananchi, ingawa kifungu cha 3 cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais kinamruhusu mtarajiwa kushauriana nao ndani ya miezi 12 kabla ya uteuzi. Mwisho wa mwezi aliachana na mchujo, akagombea nje ya chama, akaambulia asilimia 1.4 hivi. Ni haki kuongeza kwamba Mbabazi hakuwa mwanamageuzi wa kuliliwa. Kwa takriban miaka tisa funguo za kabati la fomu zilikuwa mfukoni mwake, na hakuna kumbukumbu ya yeye kulisahau wazi.

Tume inaweza kujitetea kwa mfano wa chama cha upinzani cha FDC, na mfano huo ni mzuri. Tarehe 2 Septemba 2015, palepale Namboole, chama hicho, kikitafuta mgombea wa urais wa nchi, kilimshindanisha rais wake, Jenerali Mugisha Muntu, mtu wa tahadhari aliyetaka matawi yajengwe kwanza hadi vijijini, na Besigye aliyedai kwamba bila mageuzi hakuna uchaguzi, akahubiri ukaidi. Besigye alipata kura 718, Muntu 289. Mwaka 2017 Muntu alishindwa tena, safari hii katika urais wa chama, 463 kwa 641 za Patrick Amuriat. Mwaka uliofuata alihama na baadaye akaanzisha chama cha ANT. Kuhesabu kura, basi, hakukukinga chama na mpasuko. Lakini Besigye na Mbabazi waliondoka NRM bila hesabu yoyote, na hadi leo haijulikani wangepata kura ngapi ukumbini. Muntu aliondoka na tarakimu zake.

Kinachoombwa ni kidogo: jedwali la safu mbili, saa na mahali, libandikwe getini pa makao makuu. Mwenyekiti wa Tume, Dkt. Tanga Odoi, hatashindwa kulijaza. Alifundisha historia Makerere, na mwaka 2011 aliongoza mgomo wa wahadhiri bila kuuliza kama ni mapema. Vijana wa rolex, chapati ya kuviringishia mayai, wa Wandegeya, ng'ambo tu ya geti la chuo hicho, humuuliza mteja mayai mawili au matatu kabla ya kuyavunja. Tume inaweza kujibu kwamba mteja aliyekula mawili tangu 1986 hana haja ya kuulizwa. Jibu hilo pia litapokewa, mradi liwe na tarehe na mhuri.

Wandegeya, Kampala.

Nakala: Mwenyekiti wa Taifa wa NRM, kwa idhini.
Nakala: Mgombea urais wa NRM, kwa taarifa.
(Zimetiwa katika bahasha moja.)