Mateso Saba ya Anayeanza Gita, Kutoka Dogo Mpaka Baba Lao

Ukipita Wamaza jioni, au Kasongo, au Kabambare, ukasikia gita linagonga akodi ileile tangu jua halijazama, usicheke. Huyo mtu anateseka. Nimeyapanga mateso yake saba, tunaanzia la mwisho kupanda mpaka la kwanza. Kelele hazitabadilisha mpangilio huu, hoja nitasikiliza.

7. Kucha
Kucha ndefu za mkono wa kushoto hazikuachii ubonyeze uzi vizuri. Dawa ni wembe mmoja na dakika mbili. Hukumu: usumbufu, si mateso. Ukipenda kucha kuliko muziki, chagua.

6. Majirani
Nusu wimbo, wiki tatu. Mama wa nyumba ya pili sasa anaujua kuliko wewe, na anajua hasa pale unapokwama. Siku utakayopavuka atakuambia akiwa jikoni kwake, "Mwanangu, leo umefika mbali!" Hukumu: huyo ndiye shabiki wako wa kwanza. Msalimie.

5. Ncha za vidole
Najua, wengi mlitaka hili liwe namba moja. Hapana. Linauma kweli, na linashangaza: mtu ameshika jembe miaka kumi katika shamba la mpunga, mkono mgumu kama gome, halafu uzi mwembamba unamliza. Sababu ni kwamba sugu ya jembe inakaa kiganjani, ya gita inatakiwa ncha ya kidole. Mkono uleule, mtaa mwingine. Piga kidogo kila siku, usipige saa tatu Jumapili halafu ukanuna mpaka Jumapili nyingine. Hukumu: maumivu yenye tarehe ya kwisha.

4. Akodi ya fa
Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita kama mti ulioanguka barabarani msimu wa mvua: hakipiti kitu. Yaya anayekufundisha atasema, "Kaza!" Namheshimu yaya, lakini hapo namkatalia. Sogeza kidole mpaka karibu kabisa na chuma cha kwanza cha shingo, kisha anza na nyuzi mbili nyembamba tu, ndipo uongeze. Nguvu inahusika kidogo; mahali pa kidole panahusika sana. Hukumu: tishio kubwa kwa jina, si kubwa kwa mwili.

3. Uzi kukatika
Hapa sasa tunaingia kwenye shida zetu wenyewe. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na pikipiki haitafungwa safari kwa ajili ya uzi mmoja wa mi. Ndiyo maana watoto wetu wanajitengenezea magita kwa waya wa breki ya baiskeli, na msiwadharau. Franco, yule mpiga gita maarufu wa Kongo, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938, naye alianzia kwenye gita la kujitengenezea.

Na kuna mchezo mmoja mtamu. Ukikatikiwa na uzi wa nne, ule wa re, ukabaki na uzi mwembamba wa mi wa akiba, ufunge pale pa re na uulegeze kidogo. Unapata re ya juu, oktava nzima juu ya ile iliyokufa. Wapigaji wa Kongo hufanya hivyo kwa makusudi, na gita la namna hiyo wanaliita mi-composé. Hukumu: msiba unaoweza kugeuka arusi.

2. Kidole gumba
Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gita Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo. Sikiliza wimbo wake "Masanga", utaapa wapigaji wako wawili. Yuko mmoja, na mkono wake wa kulia unatumia gumba na shahada tu! Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inaimba kwenye nyembamba.

Anayeanza akijaribu, shahada ikiruka gumba nalo linaruka, kama mtoto anayeiga. Picha ya kukusaidia iko uani kwenu: wanawake wawili, michi miwili, kinu kimoja. Hakuna anayemsubiri mwenzake, na michi haigongani. Nenda kasimame karibu na kinu, piga gumba peke yake kwa mwendo ule mpaka uweze kuongea na mtu huku linaendelea. Shahada utaiita baadaye. Hukumu: ngumu kuliko fa mara tatu. Bisheni.

1. Gita lisilolingana
Hili ndilo baba lao. Likembe ukishalilinganisha linakaa. Gita linapotoka hivi hivi, kwa joto, kwa unyevu, kwa mtoto aliyepita akachezea vikaza nyuzi. Kidole kikiuma unajua kinauma. Gita likipotoka hujui. Unaweka vidole sawasawa, sauti inatoka mbovu, na unaamini mbovu ni wewe. Nimeona vijana wenye masikio mazuri wakiliacha gita ukutani kwa sababu hiyo tu, na inaniuma mpaka leo.

Njia ni hii: kila sauti utakayopata kwa kubonyeza, uzi unaofuata ulie vivyo hivyo bila kubonyezwa. Bonyeza uzi mnene wa mi nafasi ya tano: upate la. La nafasi ya tano, upate re. Re nafasi ya tano, upate sol. Sol nafasi ya nne, narudia, ya nne, upate si. Si nafasi ya tano, upate mi nyembamba. Ile nne katikati ya tano ndiyo inayowaangusha wengi. Hukumu: mwuaji wa kimyakimya, namba moja bila mpinzani.

Anayetaka kunipinga aje na gita lake, tuketi. Ila alilinganishe kwanza.