Katibu Yuko Likizo

Kamati ya harusi ya binti wa shangazi ilinichagua kuwa katibu nikiwa bado ndani ya basi, mahali fulani kati ya Chalinze na Segera, nimelala mdomo wazi. Simu ilipotetemeka nilidhani ni matokeo ya mitihani. Kumbe ni kundi jipya la WhatsApp, lina picha ya pete mbili na jina refu kuliko la muswada wa Bunge, na baba mdogo ameshaandika: “Tumpongeze katibu wetu, msomi, anayekuja likizo.” Makofi yalikuwa yamejaa kioo kizima. Hoja imepita bila kupingwa, na mgombea hakuwepo ukumbini.

Muhula wa pili pale chuoni Mlimani huisha Julai kwa mitihani ya UE, na wiki zile mtu unakariri milinganyo, unaiota, kisha unaamka umeisahau. Boom, yaani zile fedha za kujikimu za mkopo wa serikali, linakuwa limekata zamani, na mama wa wali maharage anakutazama kwa jicho la mdai. Kwa hiyo nilikuwa na mipango yangu. Kulala mpaka jua liwe utosini. Mahamri na mbaazi za nazi za bibi. Jioni kukaa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, nikitazama baiskeli zikipita, bila kumhesabia mtu chochote.

Bibi alinipokea kwa kunishika mashavu. Nikamwamkia, akaitika, akanigeuza huku na huku. “Umekonda. Kaa ule. Ukimaliza, mama yako mdogo anakungoja na daftari.”

Nyumbani kwetu mwanafunzi aliye likizo ni kama bomba la mtaa: kila mwenye ndoo ana haki. Luku imekata usiku? Mwamsheni, si yuko likizo. Kuku wametoboa banda, mtoto wa jirani anatakiwa kliniki, bibi kasahau miwani kwa rafiki yake barabara ya nane: si yuko likizo? Siku moja nilijaribu kusema nimechoka. Baba alishusha gazeti taratibu, akaniuliza kwa upole kabisa nimechoshwa na nini.

Mimi nasoma takwimu, na kila mtu nyumbani anaijua kwa namna yake. Mama anaamini ni kazi ya sensa, na tangu ile ya 2022 anauliza kishikwambi changu nitapewa lini. Shangazi anaamini ni elimu ya kujua nani anadaiwa. Ndiyo maana daftari la ahadi lilinijia lenyewe.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi ana bahati yake. Watu hukusanyika, huombewa dua, hunywa soda, kisha kila mmoja anatamka kiasi kwa sauti ya kujiamini. Laki moja! Laki mbili! Ukijumlisha ahadi za kikao cha kwanza unaweza kumwoza hata mwali wa jirani. Kikao cha pili watu wanapungua. Cha tatu wanabaki mwenyekiti, mtunza hazina, katibu na soda.

Nikachora jedwali: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Na kwa kuwa ujana una kiburi chake, nikaongeza safu ya tano, uwezekano wa kulipa, kwa asilimia. Shangazi akavaa miwani, akapitisha kidole.

“Huyu umempa themanini?”

“Ndiyo shangazi. Ana duka, ana gari.”

“Aliahidi hivyohivyo kwenye harusi yangu mimi. Anayeolewa sasa ni mwanangu wa tatu. Bado namsubiri.” Kidole kikateremka. “Na huyu muuza mihogo ya kukaanga umempa kumi? Huyo atakuja hujamaliza chai yako.”

Alikuja nikiwa nusu kikombe, noti zake zimekunjwa ndani ya leso. Nikaifuta safu ya tano bila kuagizwa na mtu.

Ujumbe wa kukumbusha niliutunga mwenyewe, na nausifu mpaka leo: “Ndugu mpendwa, tunakukumbusha kwa heshima na upendo ahadi yako.” Namba nilipewa na mtunza hazina, mama mdogo, aliyezirithi kutoka harusi ya miaka ya nyuma bila kuzipekua. Nikatuma. Dakika chache baadaye mjane mmoja akajibu kwa simu ya mumewe: “Marehemu anashukuru kwa kukumbukwa. Ila alihama tangu mwaka juzi.” Baba mdogo akapendekeza tumtoe kwenye orodha. Mama mdogo akauliza kama warithi hawapo.

Ndipo wenzangu wa chuo wakaja kunitembelea, mmoja wa Singida, mmoja wa Songea. Niliposema Tanga, wao walisikia bahari tu. Walishuka na miwani ya jua na kaptula, Agosti, kusi likivuma mpaka kanga zinakatika kambani. Bibi aliwalisha kwanza, mengine baadaye. Kufika alasiri wa Singida alikuwa anamenya vitunguu saumu kwenye ungo, na wa Songea yuko juu ya ngazi anapaka rangi ukuta wa mbele, kwa sababu wageni wa harusi wataiona nyumba. Kumbe alikuwa na mkono mzuri. Majirani wawili wakamwekea oda.

Mwokozi alitokea Pangani, kama kilomita 50 kusini mwetu. Nahodha mmoja, ndugu yetu kwa upande ambao hakuna anayeukumbuka, alikuwa ameahidi 50,000. Nikampigia.

“Katibu, fedha sina, kusi limekaza. Lakini boti ninayo. Leta wageni wako niwapeleke Maziwe, tufute ile ahadi.”

Katiba ya kamati haikuwa na kifungu kinachokataza.

Maziwe ni kisiwa cha mchanga nje ya Pangani. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje, kasa wakija kutaga. Bahari ikakila, miti ikaenda, na sasa ni tuta linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Safari ya kwenda, wa Singida alishika ubao kwa mikono yote miwili. Boti ilipolala upande akauliza kwa adabu kama hiyo ni kawaida. Nahodha, anamenya chungwa la Muheza, akamjibu: “Bado hatujaanza.” Basi mwenzetu akaipa bahari mahamri ya bibi, kisha mbaazi, kisha, nadhani, vyakula alivyokula Singida.

Kisiwani tulitandika mkeka, tukafungua hotipoti ya samaki wa kupaka, na nahodha akasema maji yakigeuka atatuita. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, siku ambazo maji hupanda mita 3 na ushee kutoka yalipopwa, na kile kisiwa hakina hata kichuguu cha kukimbilia. Kwanza ikaenda kandambili ya wa Songea. Halafu kifuniko cha hotipoti. Mkeka ulipoanza kuelea na samaki juu yake, tulipiga kelele zote tulizojaliwa. Nahodha akaamka ndani ya boti, akatutazama maji yametufika magotini.

“Mbona hamkuniita mapema?”

Jioni mama mdogo alisikiliza taarifa yangu yote bila kunikatiza. Akauliza swali moja tu: “Hiyo safari ya boti naipeleka duka gani wanipe mchele wa pilau?” Nilianza kueleza maana ya malipo kwa huduma. Akanisogezea kalamu. “Ahadi haifi, katibu. Imehama. Andika.” Na mimi, kwa mwandiko wangu, nikamfuta nahodha nikajiandika. Salio: 50,000.

Harusi ilifana Septemba. Pilau lilitosha, marehemu hakuchangia, mwenye duka na gari alikaa meza ya mbele. Nahodha alikula sahani mbili, akanishika bega kunipongeza kwa uwajibikaji.

Chuo kilipofunguliwa, daftari akakabidhiwa mdogo wangu aliyemaliza kidato cha sita. Si yupo tu nyumbani? Nikiwa darasani, mhadhara umepamba moto, simu ikatetemeka: “Ndugu mpendwa, tunakukumbusha kwa heshima na upendo ahadi yako.” Nikajibu palepale kwenye kundi kwamba harusi imeshapita, bibi harusi yuko kwake, na mimi ni mwanafunzi, likizo imekwisha na sina kipato.

Kukawa kimya. Kisha shangazi, ambaye kwenye lile kundi huandika wakati wa misiba tu, akaanza kuandika. Akafuta. Akaandika tena.

“Si boom limetoka?”