Inatua Saa Ngapi?

Kitabu cha wageni kwenye lango la ranchi kilikuwa na safu ya "Sababu ya kuja". Nikaandika: kuona ndege. Mlinzi akasoma, akatazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Inatua saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba ni ndege wa manyoya.

"Aa, hao. Hao hata kwetu wapo, tena bure."

Hata hivyo alinihurumia. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na baridi ya Laikipia ilikuwa imenishika mpaka meno yanagongana. Akainuka kwenye ndoo ya plastiki aliyokuwa ameikalia, akanikabidhi. "Chukua hii, mzee. Utasimama mpaka lini?"

Naomba ikumbukwe kwamba ndoo alinipa yeye.

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Mimi, kwa miaka mitatu ya kujinyima usingizi wa Jumamosi, nimefikisha 64, na baadhi yao niliwaona jalalani Nairobi. Siku hiyo nilimtaka tandawala mkubwa. Dume lake huweza kufika kilo 18, na yumo katika orodha ya ndege wazito kuliko wote wanaoruka, ingawa ukimwona anavyotembea kama mzee wa kanisa aliyeitwa mbele kusema machache, unaelewa kwamba kwake kuruka ni jambo la dharura. Nimesoma kwamba kuna mahali keremkerem wekundu humpanda mgongoni, wakingoja panzi anaowafurusha majanini. Picha hiyo nilikuwa nimeshaitafutia ukuta sebuleni.

Saa nzima ya kwanza iliishia kwa karani tamba, yule wa miguu mirefu anayeua nyoka kwa mateke, manyoya ya kisogoni yamechomoza kama kalamu za karani wa zamani. Nilimwona kwa mbali, kishungi kikipepea. Nikaiacha ndoo, nikalala kifudifudi, nikatambaa kwenye udongo mweusi ambao ukilowa umande hauachi kiatu wala goti. Njiani nikaegemea mgunga wenye vinundu. Ndani ya vinundu vile huishi sisimizi wanaoulinda mti dhidi ya walaji, nao hawajali kama mlaji ni twiga au mhasibu kama mimi. Nilipofika karibu, karani tamba alikuwa nguzo ya ua iliyonasa kipande cha gunia. Na nilikuwa nimeshamwandika daftarini, nikaongeza na maelezo: "Ametulia sana."

Nikarudi kwenye ndoo yangu kwa unyonge. Ndipo tandawala akatokea, yeye hasa, hatua kama hamsini, shingo ya kijivu, akiokota-okota bila haraka. Mwanga ulikuwa nyuma yake. Nikaona nisogee kidogo upande wa kulia, nikainua ndoo, na mkono wake wa waya ukagonga: kwang'.

Sikujua kwamba kule ranchini ng'ombe hulambishwa chumvi kutoka kwenye ndoo. Nyuma ya kichaka vichwa vikainuka, kimoja, kumi, kisha sikuhesabu tena. Ni Boran, wale wenye nundu, na walikuja kwa mwendo wa watu waliosikia pilau imepakuliwa. Yangeyange wakaja nao, weupe, wakidonoa wadudu waliofurushwa na kwato. Dume moja likasimama mbele yangu, likatoa ulimi wa kijivu uliokwaruza kama msasa, likalamba darubini, kifuniko cha lenzi kikaenda nao. Sikioni mwake alikuwa amening'inia shashi, mdomo mwekundu, jicho lenye duara la manjano, akitafuta kupe. Shashi ni tabibu wa kutiliwa shaka, kwa kuwa hunywa pia damu ya kidonda chenyewe. Alinitazama uso kwa uso, akaendelea na kazi. Namba 66, nikimhesabu tandawala.

Tandawala nilimwona mara ya mwisho kupitia katikati ya miguu ya ng'ombe. Akapiga mbio, akaruka. Ile dharura ilikuwa imefika.

Mchungaji akaja mbio, fimbo mkononi. "Mzee! Usiiweke chini, watakukanyaga! Na usikimbie, watakimbia pia! Nenda nayo pole pole mpaka langoni." Nikaenda. Kila hatua waya ulilia kwang', na kila kwang' ilinenepesha msafara. Mchungaji alitembea nyuma kabisa, kiganja mdomoni. Sidhani alikuwa akikohoa.

Mlinzi alikuwa amesimama langoni, kitabu kimefunguliwa. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, bila haraka, mpaka ndama wa mwisho.

"Uliandika ndege," akasema. "Hawa unawatoa kwa kibali cha nani?"

Nikafungua kinywa, sikupata neno. Dume lilikuwa limenilazia kichwa begani.

"Na hiyo ndoo lete. Nimesimama tangu asubuhi."