Santuri Zilizozaliwa Kuukuu

Trax Records, lebo ya muziki wa house, ilianzishwa Chicago mwaka 1984. Mkuu wake, Larry Sherman, alikuwa na kiwanda chake cha kufyatua santuri, na malighafi haikumnyima usingizi: sahani za zamani ziliyeyushwa zikafyatuliwa upya, mnunuzi akajipatia mikwaruzo bila malipo ya ziada. Nyimbo zenyewe zilistahili plastiki bora, kama “Move Your Body” ya Marshall Jefferson (1986) na “Acid Tracks” ya Phuture (1987). Uingereza ilikesha ikicheza. Wasanii nao walikesha, wakisubiri mirabaha. Wawili kati yao, Larry Heard na Robert Owens, walifungua kesi dhidi ya Trax mwaka 2020. Mwaka 2022, kwa maelewano, wakarudishiwa haki za nyimbo walizotunga wenyewe.