Kisima Ndani ya Rejeta

Wenye magari tuna kipaji: mtu hanywi maji ya kisima cha mtaani kwa kuwa yana chumvi, kisha maji yayo hayo anaimiminia injini ya mamilioni. Hoja yake ni moja: huku hakuna barafu, kulanti ya nini? Lakini kuzuia maji yasigande ni kazi moja tu ya kulanti. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, huchemka baada ya kupita nyuzi 105 badala ya 100, na dawa zilizomo huzuia kutu. Maji ya chumvi hula pampu na kuacha ukoko kwenye mirija ya rejeta, kama ule wa birika la chai.

Atakayesema kulanti ni ghali asikilizwe, kisha aulizwe bei ya gasketi mpya na ya kuchonga silinda hedi injini ikichemka. Atakayejisifu kuwa gari lake limekunywa maji miaka yote bila kufa ajue kutu haina haraka. Kusafisha mfumo nyumbani si uganga: injini ipoe kabisa, fungua kizibo cha chini, maji ya kahawia yatoke, suuza mpaka yaje meupe, jaza mchanganyiko wa kulanti, washa injini na hita hadi hewa iishe, zima, ipoe, ongeza. Kulanti ya zamani, kama ilikuwamo, ikingwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Ni tamu, na ni sumu kwa watoto na mbwa. Anayeona hayo ni mengi aendelee na kidumu chake cha maji ya kisima. Mafundi nao wana ada za kulipa.