Pilipili Imegoma Kukimbia

Jamani, homuweki za siku hizi ni za nani? Anayesoma darasa la nne ni binti yangu, anayetoka jasho ni mimi. Karatasi imeandikwa kabisa: afanye akisaidiwa na mzazi. Mzazi mwenyewe fizikia ilinikimbia Fomu Tuu, na sikuifukuza.

Leo eti mvutano wa uso wa maji. Vifaa: bakuli, maji, pilipili manga ya unga, sabuni ya maji. Nikasema hapa nimepona, maana jikoni ndiyo ofisi yangu. Tangu kazi iyumbe, vyombo naosha mimi. Mtaa mzima unajua.

Unanyunyiza pilipili, inaelea. Unachovya kidole kwenye sabuni, unagusa katikati. Hapo pilipili inatakiwa itimue mbio mpaka kingoni kama machinga walioona mgambo. Nikagusa. Kimya. Nikagusa tena. Imenikodolea macho tu. Vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya, nusu ya sayansi ikahamia kwenye shati.

Binti akanihurumia. "Baba, tujaribu sindano." Eti chuma, kizito kuliko maji karibu mara nane, kinaelea! Unatandika kipande cha tishu juu ya maji, unailaza sindano, tishu inalowa na kuzama, sindano inabaki. Yangu ikaondoka na tishu yake mpaka chini.

Basi nikafundishwa. Molekuli za maji zinavutana. Za ndani zinavutwa kila upande, za juu hazina wenzao wa kuzivuta kwenda juu, ndiyo maana uso wa maji unakaza. Sabuni inalegeza. Ukigusa katikati panalegea, pembeni bado pamekaza, pilipili inavutwa huko. Mimi ehee, ehee.

"Sasa Baba, kama sabuni imo tangu mwanzo?"

Haiwezekani, nikasema, bakuli nimeliosha mwenyewe asubuhi. Nikasema kwa sauti. Mama yake kasimama mlangoni.

Mtoto akalisuuza bakuli, akalisuuza tena, maji mapya, pilipili, kidole. Loo! Ikatawanyika yote. Akasuuza tena, akaweka maji mengine, sindano nayo ikalala juu yake, imejinyoosha, uso wa maji umebonyea kidogo chini yake.

"Baba, kumbe husuuzi."

Mama yake hakusema neno. Bora angesema.

Na kitabu cha mtoto nacho kikanisaliti. Kina habari za Mjerumani mmoja, Agnes Pockels, chuo hakusoma, yuko nyumbani Braunschweig anahudumia wazazi. Akatengeneza kifaa chake cha kupimia huo mvutano, akaona jinsi uchafu kidogo tu juu ya maji unavyoubadilisha. Mwaka 1891 barua yake kwa mwanafizikia Lord Rayleigh ikatoka kwenye jarida la sayansi la Nature. Nikasomewa kwa sauti. Haya, mwenzangu kashinda nyumbani kaingia kwenye jarida, mimi nimeshinda nyumbani nimepata kesi.

Kesi ikaendelea. Vikombe vikashushwa kabatini, pilipili, kidole. Kikifeli kinawekwa mbele yangu. Sahani za wageni zikafuata. Pilipili manga ikaisha, nikatumwa dukani kwa Mangi.

"Leo kwako pilau, jirani!" Akanifungia pilipili, akaandika kwenye daftari. "Na sabuni je?"

Nikamwambia hiyo tunayo, imo kwenye vikombe.